Daftari la Gengeni Lenye Thamani ya Shilingi 85,000

Barabara ya lami inayotoka Uyole kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, huikuta Kyimo, katika Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, baada ya Kiwira na kabla ya Tukuyu. Hapa ndipo Rungwe ya migomba, chai, parachichi na maziwa. Basi likipunguza mwendo, kina mama husogea dirishani na vichane vya ndizi mkononi, bei ikitajwa na kushushwa kabla dereva hajakanyaga mafuta tena. Biashara ya namna hii ndiyo inayolipa ada, inayonunua chumvi na mafuta ya taa, na inayomtibu mtoto.

Tuseme katika safu hiyo ya barabarani wapo kina mama wawili wanaouza bega kwa bega. Wa kwanza ana ndizi na parachichi juu ya gunia, na kwa wastani anauza shilingi 13,000 kwa siku. Wa pili amejenga kibanda, ameongeza sabuni, sukari na vocha za simu, naye anauza shilingi 15,000. Wote wawili wanafanya kazi siku 300 kwa mwaka, zinazobaki zikienda kwenye misiba, ugonjwa, ibada na mvua za Rungwe ambazo hazina huruma na mtu aliye nje. Mwisho wa mwaka wa kwanza ameuza shilingi 3,900,000 na wa pili 4,500,000.

Kwa jedwali la Sheria ya Kodi ya Mapato kama lilivyorekebishwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hadaiwi kodi ya mapato hata senti moja. Kwa hiyo mama wa kwanza yuko huru. Wa pili ameuvuka mstari kwa shilingi 500,000, na hapo sheria inamuuliza swali moja: unaweka kumbukumbu? Akiwa na daftari la mauzo linaloeleweka, atalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani shilingi 15,000 kwa mwaka mzima. Hayo ni mauzo yake ya siku moja. Asipokuwa na daftari, atalipa shilingi 100,000. Tofauti ni shilingi 85,000.

Fedha hizo 85,000 zinatoka kwenye faida, wala si kwenye mauzo. Kama katika zile 15,000 za siku anabakiwa na 3,000 baada ya kulipia mzigo na nauli, basi kukosa daftari kumemgharimu kazi ya siku 28. Karibu mwezi mzima wa kuamka alfajiri umekwenda kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema kwamba daftari la mia chache lingemwokoa.

Katika nchi nyingine unafuu wa kodi kwa watu wa kipato cha chini hutolewa kama fedha inayorudishwa mfukoni mwa mfanyakazi. Sisi hatuna mfumo huo. Unafuu wetu umetawanyika: kidogo kwenye jedwali la wafanyabiashara wadogo, kidogo kwenye kiwango cha mshahara kisichokatwa kodi, kidogo kwenye ushuru wa mazao, kidogo kwenye mikopo ya halmashauri. Upo, umepitishwa na Bunge, umechapishwa. Lakini mtu wa Kyimo anaupata pale tu anapojua kuuliza, na kujua kuuliza ndiko kunakokosekana.

Liangalieni tena jedwali hilo, maana lina jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kadiri mauzo yanavyokuwa madogo ndani ya daraja la milioni 4 hadi 7, ndivyo daftari linavyokuwa na thamani kubwa. Anayeuza milioni 5 kwa mwaka atalipa 30,000 akiwa na kumbukumbu, na 100,000 akiwa hana. Anayeuza milioni 6 atalipa 60,000 dhidi ya 100,000 ile ile. Anayefika milioni 7 anaokoa 10,000 tu. Maana yake ni kwamba adhabu ya kutoandika inamwangukia kwa uzito zaidi aliye maskini kuliko wote katika daraja hilo. Daraja linalofuata, la milioni 7 hadi 11, lina mwendo kama huo: mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7, asiye nazo hulipa 250,000. Mwenye duka la milioni 9 anaandika na kulipa 150,000, jirani yake asiyeandika anatoa laki mbili na nusu.

Najua jibu ambalo watu hutoa wakiambiwa waandike. Husema daftari litakuja kuwa shahidi dhidi yao. Hofu hiyo isichukuliwe kama ujinga, ina msingi. Mtu ambaye amezoea kukadiriwa chini ya anachouza kweli atalipa zaidi akiandika ukweli, na anayevuka milioni 11 anatoka kabisa katika madaraja haya mawili mepesi. Lakini hao si watu ninaowazungumzia. Ninamzungumzia mama wa kibanda ambaye ofisa anaingia, anatazama rafu zilizojaa bidhaa za mkopo, anakisia. Asiye na maandishi hana la kumjibu anayekisia, na akiwa anauza milioni 6 lakini akakadiriwa milioni 8, kutoka 60,000 ambayo angelipa akiwa na daftari anaruka hadi 250,000.

Hofu yenyewe ina umri mrefu kuliko yeyote aliye hai Kyimo. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba katika koloni lao la Afrika Mashariki mwaka 1897, na Tukuyu, ambayo wao waliiita Neu Langenburg, ilikuwa mojawapo ya vituo ambavyo serikali yao ilitawalia kusini. Waingereza waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Shabaha haikuwa fedha peke yake. Kodi ilidaiwa kwa sarafu, na sarafu haikupatikana kwenye mgomba, kwa hiyo kijana wa Kinyakyusa aliyetaka kuinusuru nyumba ya baba yake alilazimika kwenda kuitafuta kwa kibarua. Katika miaka ya 1930 wengi walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Wengine walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, hadi kusini zaidi.

Uhuru ulikuja, majina ya kodi yakabadilika, ila kodi ya kichwa haikutoka mara moja. Kodi ya maendeleo, iliyodaiwa kwa namna hiyo hiyo, ilifutwa mwaka 2003 tu. Mtu mwenye miaka 45 leo anakumbuka vizuri mgambo wakisaka stakabadhi alfajiri, na wanaume wazima wakijificha mashambani. Aliyekulia katika nyumba hiyo hawezi kuona gari la serikali limesimama sokoni akadhani limekuja kumpa unafuu. Atafunga kibanda, ataondoka, atarudi likishaondoka. Unaweza kumwita mkwepaji kodi. Mimi nasema amefundishwa na historia, na mafundisho ya miaka mia moja hayafutwi kwa kipeperushi.

Mwaka 2018 serikali ilijaribu njia nyingine. Desemba 10 mwaka huo Rais John Magufuli alikabidhi kwa wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila mkoa ukianza na 25,000. Mwenye mauzo chini ya milioni 4 kwa mwaka alilipa shilingi 20,000 na kuachwa afanye biashara bila kufukuzwa na kutozwa vishuru vya kila kona. Kwa machinga na mama ntilie ilikuwa nafuu ya kweli. Ila mikoa na wilaya zilipewa idadi ya kugawa, na shinikizo la kumaliza idadi hiyo likawafanya wengi waione kadi ile kama kodi mpya badala ya kinga. Baadaye vimekuja vitambulisho vya kidijitali vinavyosimamiwa na Wizara ya Maendeleo ya Jamii, vinavyounganishwa na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kwa bei ile ile ya 20,000. Kitambulisho ni kitu kizuri. Kisiuzwe tu bila maelezo, maana anayekinunua kwa hofu hatajua kukitumia siku akisumbuliwa.

Wapo pia wenye mshahara. Kyimo na vitongoji vyake vina walinzi, wapishi wa shule binafsi, wauzaji wa maduka ya dawa, madereva, na vibarua wa chai. Tangu Julai 2020 mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi, na tangu Julai 2021 kinachozidi hapo, mpaka 520,000, hukatwa asilimia 8. Vibarua wengi wa mashamba hawafiki 270,000, kwa hiyo kodi ya mshahara haiwahusu. Wanaoumia ni wale walio juu kidogo ya mstari.

Mchukue mlinzi anayelipwa 300,000. Kwa haraka mtu atasema amezidi kwa 30,000, asilimia 8 yake ni 2,400, akatwe. Lakini mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii hutolewa kwanza kabla ya kodi kupigiwa hesabu. Asilimia 10 ya mshahara wake ikienda NSSF, kinachobaki kutozwa ni 270,000 kamili, na kodi yake ni sifuri. Mwajiri akipiga hesabu vibaya, mlinzi huyo anapoteza 2,400 kila mwezi, 28,800 kwa mwaka. Hatagundua, kwa sababu mara nyingi hapewi hati ya mshahara inayoonyesha makato, na akipewa hakuna aliyemfundisha kuisoma. Na kama anakatwa asilimia 10 lakini fedha haifiki NSSF, hilo ni jambo baya zaidi. Kila mwenye ajira angepaswa kujua kwamba anaweza kuomba taarifa ya michango yake kwenye mfuko na kuilinganisha na alichokatwa.

Unafuu mwingine unapita barabarani mbele ya kila mtu. Katika bajeti ya mwaka 2017/18, iliyosomwa na Dkt. Philip Mpango akiwa Waziri wa Fedha, serikali ilishusha ushuru wa mazao uliokuwa unafika asilimia 5, na sasa haupaswi kuzidi asilimia 3. Ikaamuliwa pia kwamba anayesafirisha mazao kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, mzigo wake ukiwa hauzidi tani moja, asitozwe ushuru huo. Kwa mkulima wa Kyimo anayepeleka ndizi Mbeya mjini, huko ni kuvuka halmashauri. Mkungu wa kilo 25 ukiuchukua kama kipimo, tani moja ni mikungu 40. Mama anayepakia mikungu 10 kwenye gari la mizigo hana deni la ushuru wa mazao njiani. Je, analijua hilo? Kijana wa kwenye kizuizi cha ushuru analijua? Nani amewahi kulibandika ukutani?

Kuhusu asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, nitapita upesi kwa kuwa imesemwa sana: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, mkopo usio na riba, sheria ikiwa imewekwa mwaka 2018. Utaratibu ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro nyingi kuonekana, ukarejea mwaka 2024. Kinachonigusa hapa ni kwamba mlango wake ni ule ule: kikundi chenye daftari, mihtasari na akaunti kinapita, kisicho navyo kinabaki nje. Mama aliyejifunza kuandika mauzo kwa ajili ya kodi amejiandaa pia kwa mkopo.

Wenzetu wa mbali wamelikuta tatizo hili hili wakiwa na fedha nyingi zaidi mezani. Marekani ilianzisha mwaka 1975 unafuu wa kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, ambao humrudishia mtu fedha hata kama kodi yake ni ndogo kuliko unafuu wenyewe. Kwa mwaka wa kodi 2024 familia yenye watoto watatu au zaidi iliweza kupata hadi dola 7,830. Hata hivyo mamlaka ya kodi ya huko inakadiria kuwa takriban mtu mmoja kati ya watano wanaostahili hauchukui. Hawakatai fedha. Hawajui, au wanaogopa fomu, au kipato chao ni kidogo mno kiasi kwamba sheria haiwalazimishi kuwasilisha hesabu, na bila hesabu hakuna unafuu.

Dawa waliyoitumia ni watu. Kwa zaidi ya miaka 50 wapo wa kujitolea waliofundishwa na kupimwa na mamlaka hiyo, wanaokaa katika maktaba, makanisa na kumbi za mitaa kila mwanzo wa mwaka, wakiwajazia fomu watu wa kipato cha chini bila malipo. Miongoni mwa wanaofika kwenye meza kama hizo ni Wakongo waliohamishwa kutoka kambi za wakimbizi, wanaozungumza Kiswahili, wanaofanya kazi za zamu katika miji kama Louisville. Mezani, kitu kinachofanya kazi ni kuwa na mtu anayejua lugha yako, anayekutazama usoni, na ambaye hakudai chochote.

Kenya iko karibu zaidi nasi. Huko kila mkazi anayelipa kodi ya mshahara ana nafuu binafsi ya shilingi za Kenya 2,400 kwa mwezi, na kila mwenye namba ya kodi anatakiwa kuwasilisha ritani ifikapo Juni 30 hata kama hakupata kitu. Kila mwaka siku za mwisho foleni hujaa kwenye vituo vya Huduma na kwenye saiba, ambako kijana mwenye kompyuta humfanyia mwananchi kwa malipo kidogo. Pale msaada wa bure unapochelewa, soko linauza msaada, na maskini analipia haki yake.

Sisemi Tanzania imekaa kimya. Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi Julai 1996, ina kitengo cha elimu kwa mlipakodi, na miaka ya karibuni maofisa wake wameendesha kampeni ya mlango kwa mlango katika mikoa mbalimbali. Ni hatua njema. Ila nikisikiliza ujumbe wa kampeni nyingi za kodi, sauti kubwa ni ya wajibu: sajili, lipa kwa wakati, dai risiti. Unafuu unatajwa mwisho, harakaharaka, kama maandishi madogo ya chini ya mkataba. Migomo ya wafanyabiashara iliyoanzia Kariakoo Mei 2023 na Juni 2024, ule wa pili ukagusa hadi Mbeya, ilionyesha jinsi imani ilivyochakaa, na ndipo mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaunda tume ya kutazama mfumo wa kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Tume inaweza kupendekeza sheria irekebishwe. Kuifikisha sheria kwenye gunia la ndizi ni kazi ya watu wengine.

Na watu hao Kyimo inao tayari. Nenda kwenye kikao chochote cha VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, uone jinsi hisa zinavyoandikwa, fedha za mfuko wa jamii zinavyokusanywa, faini ya kuchelewa inavyowekwa kwenye mstari wake, na mkopo wa kila mwanachama unavyosomwa kwa sauti mbele ya wote. Mama yule yule anayedaiwa kuwa hajui kuweka kumbukumbu ni mweka hazina wa kikundi cha watu 25, na fedha haijawahi kupungua. Anajua kuandika. Hajaambiwa tu kwamba maandishi ya namna hiyo, akiyafanya kwa ajili ya kibanda chake, ofisa wa kodi anawajibika kuyatazama.

Kwa hiyo makatibu wa vikundi ndio wa kuanza nao. Wafundishwe siku moja, wapewe jedwali la ukurasa mmoja lililoandikwa kwa Kiswahili cha sokoni, na kila mmoja aondoke na kazi ya kuwaketisha wanachama wake. Daftari halihitaji mengi: tarehe, kilichonunuliwa na bei yake, kilichouzwa, jumla ya siku. Stakabadhi za mzigo ziwekwe kwenye bahasha, na vyote vitunzwe miaka mitano kama sheria ya usimamizi wa kodi inavyotaka. Asiyejua kusoma asaidiwe na mwanawe aliye darasa la sita. Hakuna jambo la aibu hapo.

Yapo na majukwaa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mwanakijiji yeyote aliyefikisha miaka 18 ana haki ya kuhudhuria. Robo saa ya mkutano huo inatosha kusoma jedwali lote mara mbili. Wamoraviani wapo Rungwe tangu 1891, na matangazo ya baada ya ibada yanasikilizwa na watu wengi kuliko tangazo lolote la ofisini. Chai FM ya Tukuyu inaingia jikoni wakati mbalaga ya ndizi ikiwa motoni. Wazee wafafanuliwe kwa Kinyakyusa, tena taratibu, wapewe nafasi ya kuuliza, kwa sababu semina ya saa nne asubuhi katika ukumbi wa mjini humkuta mwenye posho, haimkuti mwenye genge. Saa nne yeye yuko barabarani, na akiondoka hakuna atakayemuuzia.

Namna ya kuingia nayo ina uzito wake. Kijana anayetumwa asianze na kuuliza namba ya mlipakodi. Asalimie kwanza, "Shikamoo mama", anunue hata ndizi mbili, akae chini, aeleze kwamba amekuja kumwonyesha mahali ambapo sheria imemwondolea deni. Aanze na mstari wa milioni 4, maana wengi watagundua palepale kwamba hawadaiwi. Ndipo azungumze na aliyevuka mstari, na kumhesabia kwa mfano wake mwenyewe, kwa kalamu, mbele ya macho yake. Namba ya mlipakodi hutolewa bure; hilo alitaje pia, kwa sababu wapo wanaotozwa na watu wa katikati.

Na aliyekwisha kukadiriwa vibaya asiachwe. Sheria inampa siku 30 tangu apokee kadirio kuandika pingamizi. Kuna kikwazo kwamba pingamizi linaambatana na kulipa kwanza theluthi moja ya kodi inayobishaniwa au kiasi kisichobishaniwa, kile kilicho kikubwa, ingawa anaweza kuomba kwa maandishi apunguziwe au aondolewe sharti hilo. Kwa mama wa kibanda hilo ni jambo zito, na ningependa tume na Bunge walione kwa jicho la mtu wa laki moja badala ya jicho la kampuni. Ipo pia Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, TOST, iliyotokana na mabadiliko ya sheria ya 2019, inayopokea malalamiko ya mlipakodi kuhusu namna alivyohudumiwa. Barua ya mstari mmoja yenye tarehe ni bora kuliko malalamiko ya mwaka mzima barazani.

Kazi hii haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe iwape watendaji wa vijiji na maofisa maendeleo ya jamii jedwali hilo na maelekezo ya kulisoma hadharani. Inahitaji Mamlaka ya Mapato mkoani Mbeya iwatume maofisa wake Kyimo wakiwa na ujumbe wa unafuu kabla ya ujumbe wa deni. Madiwani waulize kwenye baraza ni mageti gani yanatoza mzigo usiofika tani moja. Makatibu wa VICOBA, wachungaji, walimu na vijana waliomaliza kidato cha nne wanaokaa nyumbani, tunawaomba mchukue kalamu.

Nawe unayesoma gazeti hili ukiwa na ndugu anayeuza barabarani, mpelekee daftari wiki hii na mwandikie mistari ya siku ya kwanza. Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne kwa mwaka, na awamu ya kwanza huisha Machi 31.